Mshumaa wa Pili

Mkesha wa Krismasi, saa tisa alasiri,
na jua la Kuusilahti limeshakwenda zake.
Huku Ufini, Desemba, mchana ni mgeni wa mlangoni:
anapiga hodi, anachungulia,
hata kiti hakai.

Nimeegesha gari nyuma ya kanisa la mbao.
Bibi Aune hataki kushikwa mkono.
"Nina miaka themanini na minne," asema,
"mimi na theluji hii tunajuana."
Mfukoni ana kiberiti,
kwapani koleo dogo la kuzolea majivu.

Bustani ya mashujaa haina maua leo.
Mawaridi yamevikwa magunia, yamelala.
Mawe yote ni ya kimo kimoja,
la sajini na la mpishi,
mia moja na kumi na saba,
kwa kijiji ambacho shule yake
imefungwa juzijuzi kwa kukosa watoto.

Anahesabu kuanzia kwenye msonobari.
"Safu ya tatu. Tano, sita, saba. Hapa."
Anachimba. Koleo linagonga: ko.
Anafuta kwa glavu, herufi zikitoka mojamoja
kama mtu anayeamshwa naye hataki:
EINO.
Miaka kumi na tisa. Juni, arobaini na nne.

Nilidhani ataomba. Hakuomba.
Alimgombeza.
"Machi ile, ulipokuja likizo,
ulichukua soksi zangu za sufu, zile nyekundu,
ukaapa utazirudisha tukianza kuvuna viazi.
Viazi nimevuna mara sabini na mbili, Eino."

Kisha, kwangu, bila kugeuka:
"Barua ilipofika, mama hakulia mbele yetu.
Alikwenda zizini
akamkamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.
Tulimsikia, ndoo haina kitu,
na bado anakamua."

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo.
Ya pili pia.
Ya tatu aliificha kiganjani kama kifaranga,
akainama nayo taratibu, magoti yakilalamika,
mshumaa ukashika ndani ya kopo lake.

Nikageuka, twende. Baridi imeniingia mpaka kwenye meno.
"Bado," akasema.
Hatua nne kushoto, jiwe jingine,
theluji yake haina hata alama ya unyayo.
Akachimba tena: VÄINÖ RAUTALA.
"Ni wa kwetu?"
"Hapana."
"Rafiki yake Eino?"
"Sijui hata kama walisalimiana.
Alikuwa yatima, mtoto wa kulelewa,
akilala kwenye boma la farasi la watu.
Krismasi ya kwanza baada ya vita
watu walijaa hapa, kila mtu na wake,
na hapa palikuwa peusi, kama jino lililong'oka.
Mama akanituma nyumbani mbio
nikalete mshumaa wa jikoni.
Tukala gizani usiku ule."

Akanipa kiberiti.
"Washa wewe. Nataka kuona kama unajua."

Njiti zangu mbili zilivunjika.
Nina miaka ishirini na sita,
nimezoea majiko ya kubonyeza.
Akanitazama tu, hakunisaidia,
na hapo ndipo nilipoelewa
kwa nini mwaka huu
hakuniacha nimsubiri garini.

Ulipowaka, hatukusema neno.
Watu walikuwa wakiingia langoni, buti zikilia kwenye theluji,
baba na binti, mwanamume na mbwa,
wakitikisa vichwa, si zaidi.
Moto mdogo hapa, mdogo pale,
mpaka ardhi yote ikawa kama jiji
linaloonekana kutoka kwenye ndege usiku,
mitaa iliyonyooka, na raia wake wote vijana.

Garini alivua glavu, akapuliza vidole.
"Sema," akaamuru.
"Safu ya tatu, ya saba. Safu ya tatu, ya kumi na moja."
"Kutoka wapi?"
"Kwenye msonobari."
"Na msonobari ukikatwa?"

Sikuwa na jibu.
Nikawasha gari. Akaniuliza
kama nilikumbuka kuzima jiko la kinyama kilichoko ovenini,
nikasema nilikumbuka,
na vidole vyangu, kwenye usukani,
vilinuka kiberiti njia nzima.